Njia Fupi ya Mghavi

Mghavi, Upare
29 Juni 2025

Mpendwa Mwamvita,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye baridi. Usishtuke kuona bahasha wakati hata bibi yangu alishajua kutuma ujumbe wa sauti. Mnara wetu wa simu ulipigwa radi mwezi wa tatu, na waliosema watakuja kuutengeneza bado wanakuja. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, na tarishi wangu ni Stanley, dereva wa fuso ya tangawizi. Akishusha mzigo soko la Temeke Stereo ataiacha barua kwa yule shoga yako muuza vitunguu. Ukijibu, iache hapohapo, ataipitia.

Nina jambo. Unakumbuka nilipokuwa mpangaji wenu hapo Chamazi, mama yako akinigongea dirisha kila Jumapili alfajiri, "Mwalimu, amka, utaoza humo"? Niliingia kundi lenu la Amka Jogging kwa kumwonea aibu tu, nikatoka nimekuwa mgonjwa wa kukimbia. Tangu nihamishiwe shule ya huku kwetu nakimbia milimani peke yangu, na watu wananiuliza nani ananifukuza. Sasa nimewapata wa kunifukuza. Serikali ya kijiji imekubali tufanye mbio za milimani, za kwanza kabisa hapa, Jumamosi tarehe 23 Agosti.

Njia ni tatu, nimezipima kwa miguu yangu na kuzitia alama za chokaa kwenye mawe. Ya kilometa nane inatoka shuleni, inakwenda hadi kanisa la juu na kurudi. Ya ishirini na moja inafuata mfereji, ule mababu waliouchimba kuleta maji mashambani. Ya arobaini na mbili inazunguka msitu wote. Watu wa Moshi na Tanga wameshajiandikisha wachache. Lakini mbio bila Amka Jogging kwangu ni kama harusi ya mtoto wangu ambayo ndugu hawakuja. Njooni, tafadhali.

Msalimie sana mama yako, Mama Raudha, mwambie shikamoo yake nimeibeba moyoni.

Wako,
Mwalimu Eliaichi


Chamazi, Temeke
6 Julai 2025

Mpare wangu wewe!

Barua yako nimeifungua sokoni ikinuka tangawizi, nikapiga chafya mpaka shoga yangu akaniambia nikae chini. Leo baada ya mazoezi nimewasomea wote kwa sauti, pale tunaponyoosha viungo karibu na uwanja wa mpira. Weee! Usiniulize kelele zake. Kapteni Mwishehe alipuliza filimbi mpaka mlinzi akatoka kuangalia kuna nini. Tunakuja! Amka Jogging nzima, na jezi zetu za rangi ya chungwa, na Coaster tunakodi. Ila tuambie mapema, tukikanyaga mgomba wa mtu huko tunapelekwa mahakamani? Maana nyie Wapare kwenu kesi ni starehe.

Mie ndiye siji. Kaa kwanza. Nina mimba ya miezi saba na ushei! Nimekuficha nikuone utashangaa vipi, bahati mbaya uso wako siuoni.

Lakini Mama anakuja, na hapo ndipo penye ishu. Unajua tangu alipoanguka uani mwaka juzi, presha ikampiga akapooza upande mmoja, Kaka Abdulrahman hana amani. Si unamjua kaka, anakaa zake Ubungo, ananyanyua vyuma kila jioni, kifua kama geti la kiwanda. Anataka Mama akae kwenye kiti cha plastiki aangalie tamthilia basi. Na Mama jogging ndiyo iliyomwinua, Mwalimu, siyo kiti. Alianza kwa kushika ukuta wa jirani, akaja kutembea nyuma ya kundi, leo tena ndiye mwimbishaji. Anaimba anakimbia, anakimbia anaimba. Mie hata kabla ya hili tumbo nilikuwaga nahema tu.

Kaka aliposikia milima akaja mbio. Wamegombana hapa sebuleni mpaka chai ikapoa. Mwisho wakawekeana sharti, mie nikiwa shahidi. Mama akimaliza njia atakayoandikishwa, kwa miguu yake, bila kusaidiwa, Kaka hasemi tena neno maisha yake yote. Lakini akisaidiwa na mtu, hata akishikwa mkono tu, raba zinaingia kabatini na jogging imekwisha. Mama akasema, "Sawa, baba," akampa mkono kama wafanyabiashara. Mie nilikwenda jikoni kulia. Jogging ikitoka kwa yule mama, sijui atabakiwa na nini.

Kaka naye atakuja huko, eti kumlinda. Haya, niambie tulale wapi na tule nini.

Wako,
Mwamvita


Mghavi
18 Julai 2025

Mpendwa Mwamvita,

Hongera, hongera, hongera! Nimecheka peke yangu ofisini, mwalimu mkuu akadhani nimepata uhamisho. Mungu akufikishe salama wewe na huyo mgeni.

Habari ya mgomba ni kweli kabisa, mwambie Kapteni awaonye. Mzee wa jirani bado ana kesi na mbuzi wa mwaka juzi. Sisi angalau tunakwenda mahakamani, nyinyi Wazaramo mkikosana mnapiga ngoma siku tatu na ugomvi mnausahau katikati.

Mtalala madarasani, mikeka ipo. Waje na masweta mazito, nasema mazito, siyo hivyo vikoti mnavyovaa Dar mkiona wingu. Chakula ni makande, na bibi yangu ameapa kwamba mtu wa pwani hataondoka bila kurudia sahani.

Nitumie majina na njia ambayo kila mmoja atakimbia ili niandike namba. Ile ya nane inapita mahali panaitwa Ngazi ya Mbuzi, pazuri mno. Ukifika juu unaona nyika yote mpaka Mkomazi. Mama Raudha atapapenda.

Usiwe na wasiwasi juu yake. Mama yule alinipikia uji nilipougua malaria nikiwa sina ndugu hapo mjini. Akija kwangu amekuja kwa mwanawe.

Wako,
Eliaichi


Chamazi
3 Agosti 2025

Mwalimu,

Majina hayo, kwenye karatasi ya pili. Nimepanga mie mwenyewe kwa akili zangu, na Kapteni amenipongeza. Wazee na wale wazito wote nimewatia kwenye nane. Nane ni kitu gani? Si kutoka hapa uwanjani mpaka Rangi Tatu! Mama anafika hapo akipiga soga. Vijana wanakwenda ishirini na moja. Kaka Abdulrahman alitaka arobaini na mbili, nikamwambia kaka acha sifa, akashuka mpaka ishirini na moja kwa kununa.

Hiyo Ngazi ya Mbuzi imetufurahisha sana. Mama anasema kama mbuzi anapita na yeye atapita, tena yeye ana raba.

Na tusikudanganye, tunajua milima ni milima. Kapteni ametupeleka kufanya mazoezi ya kupanda. Unajua wapi? Daraja la juu la Tazara! Alfajiri kabla magari hayajajaa, watu wa chungwa mistari miwili wanapanda flaiova wakiimba. Mie niliwafuata kwa bajaji, nikiwapigia makofi. Mama alilipanda akalishuka, akalipanda tena, akasema, "Mwambieni Mwalimu mlima tumeumaliza hukuhuku."

Kwa hiyo usihangaike. Kilometa nane, Mama anamaliza mapema, anarudi na medali yake, na Kaka anafunga mdomo. Mie nimeanza kushona kitambaa cha kuitundikia sebuleni.

Wako mwenye miguu iliyovimba,
Mwamvita


Mghavi
15 Agosti 2025

Mwamvita,

Umefanya nini, dada yangu? Na mimi nimefanya nini kutokukuandikia?

Huku kwetu njia ni fupi kwa sababu imepanda moja kwa moja. Ndefu ni ndefu kwa sababu inauzunguka mlima kwa upole. Kila mtu hapa anajua hivyo tangu hajaota meno, ndiyo maana haikunijia hata kidogo kukueleza. Bibi yangu akitumwa kanisani hapiti njia fupi, hata kama kengele ya pili imeshalia. Anapita mferejini, maana maji hayapandi mlima na njia yake haipandi. Ile ishirini na moja ni tambarare, Mama Raudha angeweza kuitembea akila muwa, tena sisi hatufungi mbio mpaka jua lizame.

Lakini nane! Kwenye Ngazi ya Mbuzi mimi mwenyewe natumia mikono. Pana mawe ya kupanda kama ngazi za ghorofa, na upande wa kushoto hakuna kitu, ni hewa. Daraja la Tazara hapa tungeliita uwanja wa mpira.

Nakusihi, wageuze. Wazee wote waandikishwe ishirini na moja, mguu kwa mguu, bila haraka. Zungumza na kaka yako akubali mabadiliko kabla hawajaondoka, kwa sababu sharti lenu linasema njia aliyoandikishwa, na sitaki yatokee mabishano mbele ya watu. Stanley anashuka usiku wa leo, kesho yuko Temeke. Nijibu naye akirudi.

Nina wasiwasi mkubwa,
Eliaichi


Chamazi
22 Agosti 2025, jioni

Mwalimu Eliaichi,

Barua yako imefika SASA HIVI. Giaboksi ya Stanley ilimfia Korogwe, akalala hapo karibu wiki nzima na tangawizi yake na barua yako ndani ya dashibodi. Coaster imeondoka leo alfajiri! Nimepiga simu ya Mama, inalia chumbani kwake, ameisahau kwenye chaji. Ya Kaka haipatikani. Ya Kapteni haipatikani. Wote wako huko kwako juu kwenye mnara wenu uliokufa.

Mie ndiye niliyeandika jina lake. Kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Nikajisifu na flaiova!

Mwalimu, barua hii haitakufikia kabla ya kesho, najua, naandika tu kwa sababu nikikaa bure nitapasuka. Mwone yule mama akishuka kwenye gari. Mwambie wewe. Mwambie mwanawe ni mjinga wa pwani, hajui mlima ni nini, asimkasirikie...

Nimesimama kidogo. Tumbo limekaza. Limeachia. Limekaza tena, Mwalimu, na siyo siku yake hii. Mume wangu anatafuta viatu. Naacha.

Mwamvita


Mghavi
24 Agosti 2025

Mpendwa Mwamvita,

Naandika asubuhi hii watu wakipakia Coaster. Barua atakupa Mama Raudha mwenyewe, na najua atakuwa ameshakusimulia kabla hujafungua bahasha. Soma na ya kwangu.

Kwanza, mbio zimefana! Sijawahi kuwa na furaha kama jana. Wakimbiaji wa Moshi na Tanga walijipanga mbele na saa zao mkononi, wakinyamaza kama watu wa mtihani. Nyuma yao Amka Jogging, mistari miwili, filimbi ya Kapteni, mama yako katikati anatoa wimbo. Nilipoteremsha bendera wale wakaruka kama wamemwagiwa maji. Wenu wakaondoka kwa mwendo wa wimbo, hakuna anayempita Kapteni, kama vile wako barabara ya Mbande. Watu wa Mghavi hawajawahi kuona mtu anakimbia akiimba. Kina mama waliacha vyungu jikoni wakaingia nyuma ya mstari. Bibi yangu naye! Alikwenda nao mpaka penye kisima, akarudi akisema angekuwa na viatu asingerudi.

Sasa la Mama Raudha. Waliposhuka tu Ijumaa nilimvuta pembeni nikamweleza kosa letu, nikamwambia nambadilishia namba. Akatazama mlima, akatazama juu kabisa, akauliza, "Wenzangu wengine wanabadilisha?" Kapteni na wazee wengine walishasema wanabaki, wanataka waone hiyo Ngazi. Akasema, "Basi na mie nimeandikishwa nane. Nikibadilisha, Abdu atasema nimekwepa." Kaka yako alikuwa anasikia. Akacheka, akasema kilometa nane ni za kupasha mwili, akaomba namba yake ibadilishwe ili aende na mama yake, amlinde kwa karibu.

Walipanda. Sauti ya wimbo tuliisikia kutoka shuleni, inakatika, inarudi, inakatika, inarudi. Wazee wenu walishuka yale mawe kwa makalio wakicheka. Walipofika kwenye kamba ya kumalizia wakagoma kuvuka! Kapteni akasema tumetoka pamoja tunaingia pamoja, na wawili bado. Mshika saa wangu akabishana nao mpaka akaitupa saa mfukoni.

Jua likikaribia kuzama ndipo wakatokea kwenye kona ya migomba, Mama Raudha na Abdulrahman, wameshikana mikono.

Watu wa kijiji walipiga vigelegele. Wenu walinyamaza, kwa sababu sharti wote wanalijua. Mama akafika, akaangalia uso wa kila mtu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Nilichoka, jamani. Mwanangu amenivuta." Kisha akacheka, akaanzisha wimbo, wakavuka wote. Usiku alicheza na bibi yangu mpaka makande yakaungua.

Kaka yako anabaki kwangu. Kifundo cha mguu kimevimba, hawezi kuteremka mlima mpaka kipoe. Ya Ngazini mengine siwezi kuyasema. Mimi nilikuwa kwenye kamba, na Mama ameniomba.

Wako,
Eliaichi


Chamazi
31 Agosti 2025

Mwalimu Eliaichi,

Nimejifungua! Mtoto wa kike, mnene, ana sauti ya kuuza samaki. Alizaliwa Jumamosi ileile, wenzangu wako kwenye mawe na mie niko kwenye yangu. Mama alikuja wodini moja kwa moja kutoka kwenye Coaster, na jezi, na vumbi la kwenu, na medali shingoni. Nesi akamzuia mlangoni, Mama akamwambia, "Mwanangu, nimetoka kupanda mlima, huu mlango wako ndio utanishinda?" Wodi nzima ilicheka. Nikamwona amenyooka, ana uso wa msichana, nikasema alhamdulillahi, amemaliza.

Kisha tukarudi nyumbani. Akaziosha raba zake, akazianika, zilipokauka akazifunga kwenye mfuko akazitia kabatini. Nikamuuliza, akanijibu lilelile, "Nilichoka, kaka yako akanishika mkono. Ahadi ni ahadi."

Leo Jumapili wamekuja alfajiri getini, wameimba nyimbo zake zote. Mama alikuwa macho, nilimwona. Amefungua dirisha akawaambia yeye sasa analea mjukuu, wamtafute mwimbishaji mwingine. Kapteni alisimama pale kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Walipoondoka nikamsikia Mama anamwimbia mtoto wimbo wa kukimbia, polepole, anapiga hatua humohumo chumbani.

Nina furaha mpaka maziwa yanamwagika, na nina hasira mpaka silali. Kaka amepata alichotaka. Nani alimwomba amshike mkono? Angemwacha akae juu ya jiwe apumzike, akishuka kesho yake sawa! Kama bado yuko kwako msomee haya, tena msomee kwa sauti yangu. Mwambie asije kumbeba mwanangu kabla sijapoa.

Nimesoma mara nyingi pale uliposema Mama amekuomba. Amekuomba nini?

Mwamvita


Mghavi
4 Septemba 2025

Mpendwa Mwamvita,

Hongera ya mtoto wa kike! Bibi yangu amepiga vigelegele peke yake uani, kuku wakatawanyika. Anamletea mjukuu mkungu wa ndizi, Stanley atakupa.

Nimemsomea kaka yako barua yako yote, na nimejitahidi kwa sauti yako. Alikuwa ameweka mguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Aligeukia ukutani kama mtoto aliyenyimwa, bibi akampelekea chai, akaikataa. Baadaye akaniomba kalamu na karatasi.

Mimi nilimpa Mama Raudha neno langu, sitalivunja. Kaka yako hakumpa neno lolote.

Wako,
Eliaichi


Mghavi
4 Septemba 2025

Mdogo wangu Mwamvita,

Hongera sana. Una haki ya kunikasirikia, ila unanikasirikia kwa kosa ambalo silo. Soma la kwangu lenyewe.

Sikumvuta Mama. Mama ndiye aliyenivuta mie.

Katikati ya ile Ngazi miguu yangu ilikataa. Vyuma vyote vya Ubungo havikunisaidia, kifua kilikuwa kizito tu, na mie nikafanya kosa la kutazama upande wa kushoto. Dunia ikazunguka. Nikakaa, nikalikumbatia jiwe, Mwamvita, mtu mzima na ndevu zangu, nikafumba macho. Kundi lilikuwa limeshapanda mbele wakiimba. Nilitamani wasigeuke wakaniona. Wimbo ukapungua sauti moja, nikajua ni ya nani. Mama alikuwa anashuka. Yale mawe aliyokwisha kuyapanda, alikuwa anayashuka tena kunifuata.

Nikamwambia aniache aende, atashindwa sharti. Akasema, "Sharti lako kaa nalo wewe, mie nataka mtoto wangu." Akanipa mkono. Wa kushoto, Mwamvita. Ule ambao daktari alituambia hautashika hata kikombe cha chai. Umenivuta mpaka juu. Kila jiwe akinambia, "Weka mguu hapa, Abdu. Sasa hapa." Kama ananifundisha kutembea. Kule juu wenzake wakamwita, akawaambia watangulie, kiatu kinamsumbua. Tukishuka nikateguka, akaushika tena mkono, hakuuachia.

Tulipoona shule nikataka kujinasua ili watu wasione. Nilijua watadhani nini, na nilijua sharti. Akaukaza. Akasema nikiuachia nitaanguka mbele za watu. Kisha akasimama pale kwenye kamba akasema alichosema. Akatoa jogging yake yote, kwa sentensi moja, ili mie nisichekwe. Na mie nikanyamaza. Medali nilivishwa, watu wakanipigia makofi ya mtoto mwema, nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu.

Nikwambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Siku ile alipoanguka uani, mie ndiye niliyemkuta. Alikuwa ananitazama na hawezi kuniita jina. Tangu hapo kila Jumapili alfajiri niko macho kule Ubungo, nasubiri ujumbe wako kwamba Mama karudi, ndipo nalala. Sikuwa namwonea wivu jogging yake. Nilikuwa naogopa tu. Nilitaka akae kwenye kile kiti cha plastiki, mahali nitakapomkuta. Kule mlimani nilimtazama toka chini, kisigino chake kipo juu ya kichwa changu, anapanda, anaimba, na nikaona mtu wa kukaa pale alikuwa mie.

Sharti Mama amelishinda. Alimaliza njia aliyoandikishwa kwa miguu yake, tena kipande cha mlima amekipanda mara mbili, na aliyesaidiwa siyo yeye. Jumapili kundi likija getini, wafungulie waingie mpaka uani. Wasomee barua hii yote, Kapteni Mwishehe akiwa mbele, Mama akiwa anasikia. Usiruke hata mstari wa jiwe. Akikuzuia, msomee kwa nguvu zaidi.

Mguu ukipoa nateremka na Stanley. Muulize Mama kama atanipokea mstari wa nyuma, pale pa wanaoanza. Nitakuwa nalala Chamazi kila Jumamosi. Na alfajiri anigongee dirisha mwenyewe.

Kaka yako,
Abdulrahman